Tarehe kabla ya kasia: uchambuzi wa msafara wa Tsangpo, Oktoba 1998

Mwanzoni mwa Oktoba 1998 wapiga kasia wanne kutoka Marekani walifika Pe, kijiji cha kusini-mashariki mwa Tibet, mahali ambapo mto Yarlung Tsangpo huliacha bonde pana na kuanza kuingia korongoni. Kibali walikuwa nacho, wafadhili walikuwa nao, kayaki, mitumbwi yao myembamba ya kasia, zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mto waliokuwa wameupangia safari. Uliokuwa ukipita mbele yao ulikuwa umejaa kupita walivyotarajia, na kwa mbali. Hata hivyo waliingia majini. Tarehe 16 ya mwezi huohuo mmoja wao, Doug Gordon, alichukuliwa na mto. Mwili wake haukupatikana.

Watu wa maji ya kasi wamekijadili kisa hiki kwa miaka mingi, na mjadala huelekea kukwama palepale: je, Gordon alikosea kulishuka poromoko lile? Kwangu hilo ndilo swali dogo. Swali kubwa lilijibiwa miezi mingi kabla, siku tarehe ya safari ilipochaguliwa, kisha likajibiwa tena pale Pe. Anayepanga safari ya mto mgumu ana mengi ya kujifunza katika majibu hayo mawili kuliko katika dakika za mwisho za Gordon.

Tuanze na mto wenyewe. Tsangpo huanzia magharibi mwa Tibet, husafiri kuelekea mashariki nyuma ya Himalaya, kisha hujikunja ghafla kuuzunguka mlima Namcha Barwa (mita 7,782) na kushika njia ya kusini hadi India, ambako huitwa Siang na baadaye Brahmaputra. Upande wa pili wa korongo umesimama Gyala Peri, wenye mita 7,294, na mto hupita katikati ya milima hiyo miwili. Karibu na Pe maji yako mita 2,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Yakifika mpakani mwa India yako mita 660 hivi. Gawanya tofauti hiyo kwa urefu wa korongo, kilomita 240 kwa makadirio, utapata mteremko wa mita 9 kwa kila kilomita. Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, unaohesabiwa kuwa safari ya kuheshimiwa, huteremka mita 1.5 hivi kwa kilomita.

Iko mito yenye mteremko mkali kuliko huo, ila ni vijito vya milimani. Iko pia mito yenye maji mengi kuliko hayo, ila imelala. Tsangpo una yote mawili kwa pamoja, na nguvu ya mto hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa maji kwa mteremko. Mpangaji hawezi kuubadili mteremko. Kitu pekee kilicho mikononi mwake ni ujazo, nao anauchagua kwa kalenda.

Timu haikuwa ya wababaishaji, na hili lazima lisemwe kabla ya kukosoa chochote. Kiongozi, Wick Walker, alikuwa ameshindana katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Jamie McEwan alipata medali ya shaba katika michezo hiyohiyo. Kaka yake, Tom McEwan, alikuwa pamoja na Walker mwaka 1975 katika kundi la kwanza kuyashuka maporomoko ya Great Falls ya mto Potomac. Gordon na Roger Zbel walikuwa washindani wa daraja la juu. Wanne walikuwa majini: ndugu wawili McEwan, Gordon na Zbel. Walker aliongoza kutoka nchi kavu, na vikundi vya miguu vilipangiwa kuingia korongoni na kukutana na wapiga kasia. Simu ya setilaiti ilikuwepo. Msafara ulikuwa na ufadhili wa National Geographic Society. Ukichukua orodha yoyote ya maandalizi ya safari kama hii na kuipitia mstari kwa mstari, timu hii inafaulu karibu kila mahali. Ndiyo maana kisa chenyewe kina faida. Makosa ya wazembe hayatufundishi kitu tusichokijua.

Kwa nini Oktoba? Kwa sababu ndio mwezi ambao karibu kila mpiga kasia wa Himalaya angeutaja. Mvua za monsuni hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Zikikatika, mito hushuka, anga husafika, na baridi kali bado haijafika. Kwa msafara huu kulikuwa na sababu ya ziada: vikundi vya nchi kavu vilihitaji kuvuka njia za mlimani kabla theluji haijazifunga. Kwa hiyo Oktoba ilikuwa mapatano baina ya mto na milima. Kila upande ulipewa kidogo.

Ila kanuni ya Oktoba ni ya mito mifupi ya Nepal na Himalaya ya kusini, ambayo hujaa haraka na kupungua haraka. Tsangpo ukifika Pe unakuwa umekusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 200,000. Bonde la ukubwa huo halijui kuharakisha. Mvua ya Septemba iliyonyesha mbali magharibi inafika korongoni ikiwa imechelewa, na ardhi iliyoshiba inaendelea kutoa maji muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Hivyo hata katika mwaka wa kawaida, mwanzo wa Oktoba mtoni humo ni mkia wa masika.

Na 1998 haukuwa mwaka wa kawaida. Kiangazi kile mafuriko ya Yangtze yaliua maelfu ya watu nchini China. Bangladesh, ambayo hupokea maji ya Brahmaputra, ilizama karibu theluthi mbili ya eneo lake kwa wiki nyingi. Sisemi kwamba habari hizo zilikuwa kipimo cha maji ya Pe. Yangtze ni bonde jingine, na maji yaliyoizamisha Bangladesh yalitoka pia Ganges na Meghna. Lakini zilikuwa ishara kwamba monsuni ya mwaka huo ilikuwa nzito kote upande huo wa Asia, na mpango uliojengwa juu ya Oktoba ya wastani ulipaswa kutikisika mapema, watu wakiwa bado nyumbani, tiketi zikiwa bado karatasi. Kibali cha kuingia korongo lile hakikupatikana kwa urahisi, na ni rahisi kuelewa kwa nini hakuna aliyetaka kusogeza tarehe. Kuelewa ni jambo moja, kukubaliana ni jingine.

Hapa nitasimama kidogo kwenye hesabu, kwa sababu wapangaji wengi huisikia habari ya "maji yamepanda kidogo" bila kuipa uzito. Chukua mto wa upana wa mita 40, kina cha wastani mita 1.5, maji yakienda mita 2 kwa sekunde. Zidisha: mita za ujazo 120 kwa sekunde. Sasa maji yapande nusu mita tu. Kina kinakuwa mita 2, na kwa kuwa maji yenye kina hukimbia zaidi, mwendo unafika karibu mita 2.4 kwa sekunde. Jibu ni kama mita za ujazo 190. Nusu mita kwenye jiwe la ukingoni, kitu unachoweza kukipima kwa mkono, imeongeza ujazo kwa zaidi ya nusu. Tena nguvu ya maji dhidi ya mwili au chombo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi kwa asilimia 20, msukumo unazidi kwa asilimia 44.

Hilo bado ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine haihesabiki. Maji yakiongezeka katika mto wenye mteremko, zile sehemu tulivu nyuma ya miamba, ambamo mpiga kasia huegesha, hupumua na kuangalia mbele, huanza kutoweka. Miamba iliyozitengeneza inafunikwa. Pale ambapo poromoko moja lilifuatiwa na dimbwi, sasa poromoko linaungana na la pili na la tatu. Mistari ya kukutana kwa mikondo inakuwa kuta za maji yanayochemka na kuvuta chini. Mpiga kasia yuleyule, mwenye ustadi uleule, anakuwa na nafasi chache za kukosea na kusahihisha. Katika mto mdogo ukipinduka unaogelea hadi kwenye dimbwi na kucheka. Katika mto mkubwa uliojaa unaogelea hadi mto uamue.

Turudi Pe. Nikiuangalia uamuzi wa pale naona njia nne zilikuwa wazi: kungoja maji yashuke, kuacha kayaki na kwenda kwa miguu, kurudi nyumbani, au kuingia majini kwa mpango uliopunguzwa. Walichukua njia ya nne. Wangekaa karibu na kingo, wapige kasia pale panapowezekana, na kwingineko wabebe kayaki begani. Watu wengi makini wangechagua vivyo hivyo. Ni uamuzi unaosikika kuwa wa busara, na ndiyo sababu nauona kuwa wa hatari kuliko mingine yote.

Mpango uliopunguzwa hupunguza kiasi cha maji utakayoyashuka. Haupunguzi mto. Unapopanga kufuata ukingo wa mto uliojaa, kwa kweli unapanga kwamba kila mara, bila kukosa hata mara moja, utabaki ukingoni. Katikati pamekuwa mahali pasipo na njia ya kutoka, na kati yako na katikati kuna mstari mmoja tu wa mkondo. Siku nyingi mstari huo unakuheshimu. Siku zinapita, maporomoko yaliyokaguliwa vizuri yanashukwa vizuri, na jicho linaanza kuzoea. Ukubwa uliokuogopesha siku ya kwanza unageuka kuwa sura ya kawaida ya mto. Hakuna uzembe katika hilo. Ubongo wa binadamu hufanya hivyo mahali popote penye hofu ya kudumu.

Poromoko la tarehe 16 lilikuwa na kimo cha mita mbili na nusu hivi, karibu na ukingo. Gordon alilikagua akaamua kulishuka. Chini yake maji yaliyojikunja yalimpindua. Alijaribu kujiinua zaidi ya mara moja akashindwa, mkondo ukamtoa ukingoni na kumsukuma hadi kwenye maji makubwa, na wenzake hawakumwona tena. Walitafuta kwa siku kadhaa. Safari ya majini iliishia hapo.

Mita mbili na nusu. Kwa mtu wa kiwango chake, kimo hicho si cha kuzungumziwa jioni. Ukilipiga picha poromoko hilo peke yake, ukaikata picha pembeni, karibu kila mtaalamu angesema linashukika. Na hapo ndipo kipimo chenyewe kinapokuwa kibovu. Tumezoea kuuliza: poromoko hili ni la daraja gani, na mimi ni mtu wa daraja gani? Madaraja yetu, kuanzia la 1 hadi la 6, hupima zaidi ugumu wa kupita. Mpango wa mto uliojaa unahitaji swali la pili lenye uzito uleule: nikishindwa hapa, ninaishia wapi? Kwenye maji madogo majibu ya maswali hayo mawili hutembea pamoja. Kwenye mto kama Tsangpo wa Oktoba ile yanaachana: kupita kunaweza kuwa kwa daraja la 4, na kushindwa kukawa kwa daraja lisilo na namba.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema kosa lilikuwa la Gordon la dakika ile. Alitumia kipimo alichokuwa amekitumia maisha yake yote, na kipimo kilikuwa kimempa majibu sahihi. Ni mpango uliomfikisha mahali ambapo kipimo hicho hakikufaa tena. Pia siungi mkono wale wanaosema timu nzima ilichanganyikiwa kwa tamaa. Wafadhili, kibali na miaka ya kungoja vilikuwepo, bila shaka, na vina uzito. Lakini shinikizo hilo lipo katika kila safari kubwa. Cha kuuliza ni kama mpango una kitu cha kulizuia, kilichoandikwa kabla ya shinikizo kuanza.

Miaka mitatu na kitu baadaye, Februari 2002, timu nyingine ilifika Pe. Iliongozwa na Scott Lindgren, na wapiga kasia walikuwa saba, akiwemo Steve Fisher wa Afrika Kusini. Walichagua katikati ya majira ya baridi, wakati maji ya Tsangpo yako chini kabisa. Walikuwa na picha za setilaiti za korongo na kikosi kikubwa cha wapagazi wakisafiri nchi kavu. Walilimaliza korongo la juu. Sehemu ya maporomoko makubwa hawakuishuka. Walibeba kayaki juu ya mlima wenye theluji. Wapagazi waligoma wakidai malipo zaidi, baridi ilikuwa ya kukata mifupa, na kazi ya miguu ilikuwa nzito kama ya majini.

Si haki kuzilinganisha timu hizi kama wakimbiaji wa mbio moja. Ya pili ilijua yaliyoipata ya kwanza, na bila shaka tarehe yake iliathiriwa na maarifa hayo. Kinachonivutia ni aina ya shida ilizozikubali. Mwaka 1998 theluji ya njia za mlimani ilihesabiwa kuwa sababu ya kuikwepa baridi. Mwaka 2002 theluji ilikuwa bei, ikalipwa. Baridi, mlima na mgomo ni shida zinazoweza kushughulikiwa mtu akiwa amesimama kwa miguu yake, akiwa na muda wa kufikiri, hata kwa kukaa chini na kujadiliana. Maji mengi hayana meza ya kujadiliana. Kama lazima uchague wapi mateso ya safari yaende, yapeleke nchi kavu.

Yote haya yanafanana vipi na safari ya kawaida, ya wikendi ndefu kwenye mto wa daraja la 4? Kwa karibu kuliko unavyodhani. Mpangaji mzuri huanza na swali la kina gani cha maji kinaufanya mto huo kuwa mto anaoutaka, kisha ndipo huuliza ni wiki zipi kina hicho hupatikana. Wengi wetu tunafanya kinyume: likizo inapatikana kwanza, mto unalazimishwa kuingia humo. Mahali penye kituo cha kupima maji, angalia takwimu za miaka kadhaa, na zaidi ya wastani tazama miaka mibaya. Pasipo na kituo, fika siku mbili kabla. Chomeka kijiti ukingoni au weka alama kwenye mwamba, usome asubuhi na jioni. Mito inayotokana na barafu hupanda mchana jua likiyeyusha na hushuka usiku, hivyo soma saa ileile kila siku, la sivyo utadhani mto unashuka kumbe umeamka mapema tu. Tazama pia mstari wa takataka na majani yaliyonasa kwenye vichaka: kama maji yako karibu na mstari huo, mto uko karibu na kilele chake cha mwaka.

Kisha kuna namba ya kutoingia. Iandikwe, isemwe kwa sauti mbele ya kila mwanatimu, na iwekwe nyumbani kwa mtu asiyesafiri. Namba hiyo isiwe hisia kama "maji yakiwa makubwa sana". Iwe alama: jiwe fulani likifunikwa, kituo kikisoma zaidi ya kiasi fulani, hatuingii. Ukishafika ukingoni na kayaki imebebwa kwa siku tatu, hakuna mtu mwenye akili ya kuitunga namba hiyo. Nimeona watu watulivu kabisa wakibishana na kijiti walichokichomeka wenyewe jana yake.

Lakini namba bila mpango wa pili haifui dafu, kwa sababu watu waliosafiri mbali watatafuta kitu cha kufanya, na kitu kilicho mbele yao ni mto. Hapa ndipo Tsangpo ya 1998 inatoa mfano ambao sijaona ukitajwa vya kutosha. Novemba ya mwaka uleule, wiki chache baada ya kifo cha Gordon, Ian Baker, Ken Storm na Hamid Sardar waliingia korongo lilelile kwa miguu. Walifika kwenye sehemu ambayo wavumbuzi wa tangu 1924 hawakuweza kuipita, wakayapima maporomoko yenye kimo cha zaidi ya mita 30. Kulikuwa na safari kubwa ndani ya korongo lile msimu ule, yenye thamani ya kila kibali na kila senti, na haikuhitaji kasia hata moja. Kama katika karatasi za msafara wa Walker kungekuwa na sentensi moja iliyoandikwa Marekani, kwamba maji yakizidi alama hii kayaki zinabaki Pe na sote tunakwenda kwa miguu, wapiga kasia wanne wangeamka siku ile wakiwa na kazi nyingine ya kufanya, kubwa na ya heshima, iliyopangiwa chakula na wapagazi wake. Mpango wa pili uandaliwe kwa bidii ileile ya mpango wa kwanza. Ukiandaliwa nusunusu, timu itaufahamu kuwa ni adhabu, na hakuna atakayeuchagua.